Babu Aliyefariki Kabla ya Kusikia Wito



Wengi wanaoingia katika Islam, na wengine ambao bado wanaichunguza, huwa na swali moja walilolificha moyoni kwa kuogopa jibu lake: "Babu yangu aliyenilea alikufa bila kuwa Mwislamu. Nikiikubali dini hii, je, imenipasa kumkana?" Jamaa zake nao humwambia kwamba kwa kusilimu amewatupa wazee wake. Basi mtu hujikuta kati ya ukweli alioutambua na mapenzi asiyoweza kuyang'oa. Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa maneno makali.

Kwanza tutazame mfano wa Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe. Baba yake, Abdullah, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka 6, mama yake, Bibi Amina, alifariki mahali paitwapo Abwa, baina ya Makka na Madina, naye akarudishwa Makka kwa babu yake, Abdul Muttalib. Wanahistoria wanasimulia kwamba mzee huyo alikuwa akitandikiwa busati kivulini mwa Kaaba, na watoto wake, watu wazima, walikaa kandokando, asithubutu hata mmoja kuketi juu yake kwa heshima ya baba yao. Lakini yatima yule alikuja akaketi papo hapo. Ami zake walipotaka kumwondoa, babu aliwakataza, akamkalisha karibu naye na kumpapasa mgongo. Malezi hayo yalidumu kwa muda wa miaka 2 tu. Abdul Muttalib alifariki, na imesimuliwa kwamba mjukuu wake alilifuata jeneza akilia.

Utume ulikuja zaidi ya miaka 30 baadaye, wala mzee yule hakuudiriki. Je, Mtume s.a.w. alimsahau? La, hasha! Mwaka 630, katika vita vya Hunain, Waislamu walishambuliwa ghafla kwa mishale, na wengi wakarudi nyuma. Mtume s.a.w. alimwelekeza nyumbu wake mweupe kwa adui, huku akitangaza kwa sauti kuu kwamba yeye ni Nabii wa kweli, na kwamba yeye ni mwana wa Abdul Muttalib. Kwani kwa Waarabu mjukuu pia huitwa mwana. Alikuwa mtu mzima wa miaka 60 hivi, na babu yake alikuwa amelala kaburini yapata miaka 50. Hata hivyo, katika saa ile ya hatari, alilitaja jina lake pamoja na Utume wake.

Lakini angalia jambo la pili. Majuma machache tu kabla ya vita hiyo, Mtume huyo huyo aliingia Makka kwa ushindi na kuyaondoa katika Kaaba masanamu yaliyoabudiwa na watu wa kabila la babu yake. Aliyavunja masanamu, asilivunje jina la mzee wake. Hiyo ndiyo njia ya Islam: kosa la wazee halifuatwi, na wema wao haukanwi.

Ama hali yao huko waliko, Kurani Tukufu inatueleza kwamba Firauni alimwuliza Nabii Musa a.s. juu ya vizazi vilivyopita, naye akajibu kwamba habari zao ziko kwa Mola wake, Asiyekosea wala kusahau. Tena Mwenyezi Mungu amesema wazi kwamba Yeye haadhibu watu mpaka kwanza apeleke Mtume. Na sisi Waahmadiyya tunaamini kwamba hata Jahannamu yenyewe si ya milele, bali ni mfano wa hospitali ambamo roho iliyougua hutibiwa hata ipone. Basi mwachie babu yako Mola aliyemwumba, ambaye huruma Yake ni kubwa kuliko mapenzi yako kwake. Wewe si hakimu wake.

Basi umkumbukeje? Usimchinjie tambiko, wala usimwombe kitu kaburini, kwani yeye ni mja kama wewe. Lakini litaje jina lake kwa heshima mbele ya watoto wako. Kama alikuwa mkarimu kwa wageni, nawe uwe mkarimu zaidi. Kama alitimiza ahadi, nawe zitimize. Waendee rafiki zake walio hai, kwani Mtume s.a.w. alifundisha kwamba ni wema mkubwa mtu kuwatendea vizuri rafiki za baba yake. Abdullah bin Umar r.a., alipokutana njiani na bedui ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Umar r.a., alimpa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba alichokivaa kichwani.

Jamaa zako wakikuona hivyo, watatambua wenyewe kwamba Islam haikukutenga nao, bali imekufanya mjukuu bora kuliko ulivyokuwa.

Mwenyezi Mungu atujalie kushika ukweli pasipo kuwa wakosefu wa shukrani. Amin.