Tunamchagulia Mzee, au Tunajichagulia?

Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Methali hii inachukulia kwamba mzee aliyekaa kwenye kigoda chake anasikia linalosemwa. Je, asiposikia? Tumemwamkia, tumempa chai, lakini shauri linapita juu ya kichwa chake na kuamuliwa na wengine. Hapo tuseme mzee yupo, au hayupo?

Swali hili si la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Na uzee hauziondoi sauti zote kwa pamoja. Huanza na zile nyembamba, kama s, f na sh. Mzee husikia kwamba unasema, asijue unasema nini. “Shika” na “fika” kwake huwa neno moja. Sisi tunapaza sauti, yeye anakasirika kwamba anagombezwa, nasi tunamwita mkaidi. Tunamtupia na ile methali ya sikio la kufa lisilosikia dawa, kana kwamba kutosikia ni tabia mbaya.

Katika ukoo wetu, Karatu, ulifanyika mchango wa kumnunulia baba mkubwa kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengine hukiita shimesikio. Walioko mjini walitaka kile kidogo kinachojificha ndani ya sikio, kisionekane. Wengine walitaka cha bei nafuu cha dukani, mambo yaishe. Waliokaa naye nyumbani walitaka kupumzika na kupiga kelele. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kila mmoja alikuwa akitafuta nafuu yake mwenyewe.

Binti yake wa mwisho ndiye aliyemwuliza: “Baba, unapenda usikie nini?” Mzee akajibu kwamba redio haimsumbui. Anachokosa ni slufay, yaani maombi ya Wairaqw ambayo mzee huyatamka na waliohudhuria huitikia. Maneno bado anayo yote, ila haisikii itikio, hivyo hajui lini aendelee. “Naomba peke yangu katikati ya watu,” alisema.

Jibu hilo lilibadili kila kitu. Kifaa cha dukani kinachokuza kila sauti sawasawa kingemkuzia pia upepo na kengele za ng’ombe. Alihitaji kilichorekebishwa kulingana na vipimo vya masikio yake, baada ya kuhakikisha kwamba kilichoziba si nta tu. Kwa mtu wa Karatu, hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi iko zaidi ya kilometa 200. Kwa mtu wa Endulen, ndani ya Ngorongoro, ni mbali zaidi. Safari hiyo ni sehemu ya bei.

Kisha kuna mikono. Vidole vilivyoshika jembe miaka 50 haviwezi kubadili betri ndogo kuliko punje ya hindi. Kifaa kikubwa kinachokaa nyuma ya sikio huonekana, lakini mwenyewe anaweza kukishika. Cha kuchaji hufaa penye umeme au sola ya uhakika. Na mzee wa Kimaasai mwenye mapambo sehemu ya juu ya sikio, pale pale kifaa kinaponing’inia, aulizwe kipi kisogee. Kumtaka avue pambo lake ni jambo kubwa, aombwe, asiamriwe.

Je, akikataa kabisa? Wapo wanaosema mzee ni kama mtoto, alazimishwe kwa faida yake. Mimi sikubali. Mtoto hajaishi, mzee ameishi, na masikio ni yake. Lakini pia kukataa kwa siku ya kwanza si uamuzi kamili. Ubongo uliozoea ukimya hushtushwa na sauti za vyombo na nyayo, na huchukua majuma kuzizoea. Mtu akae naye, amvalishe kwa muda mfupi, aongeze kidogo kidogo. Baada ya hapo akisema hapana, iwe hapana. Tena hapana yake haitupunguzii wajibu wa kukaa mbele yake penye mwanga, ili auone mdomo, na kusema polepole. Hata akikubali, wajibu huo unabaki, kwa maana kifaa husaidia tu; hakirudishi masikio ya ujana.

Baba mkubwa alichagua kile kikubwa cha nyuma ya sikio. Itikio analisikia, ingawa siku za upepo humpotea.

Msomaji, michango ya kununua hupatikana upesi, maana kununua ni jambo la siku moja, nalo husifiwa. Betri nyingi za vifaa hivi huanza kazi pale karatasi yake inapobanduliwa na hewa kuingia; zikishabanduliwa hupungua hata zisipotumika, na mara nyingi hudumu juma moja au mawili tu. Ndiyo maana vifaa vizuri huishia kwenye kopo juu ya kabati, na mzee hurudi katika ukimya wake bila mtu kugundua. Kabla ya kuuliza kifaa kipi ni bora, ukoo ujiulize ni nani atakayepeleka betri mwezi wa pili, na wa tatu, na mwaka ujao.