Kopo Lililobonyezwa

Nchini Marekani wakulima hushindanisha matrekta yao. Kila trekta huburuta gari zito juu ya udongo; kadiri linavyoendelea, sanduku la vyuma husogea mbele juu ya gari hilo, na mzigo huzidi kulemea hata trekta linasimama. Afikaye mbali zaidi ndiye mshindi. Kipimo kamili ni futi 300, yaani karibu mita 91.

Kabla ya kuvuta, hupimwa uzito wa trekta na kimo cha chuma cha kufungia mnyororo. Chuma hicho kikiwa juu mno, mzigo hukandamiza zaidi magurudumu ya nyuma, nayo hushika udongo kwa nguvu.

Iwapo mkulima amekitengeneza chuma chake kiwe chini kinapopimwa, kisha kipande mnyororo ukikazwa, je, ametenda haki? Yeye atajibu: «Sheria yataka kipimwe kabla, nacho kimepimwa.»

Ameshika neno la sheria, lakini ameua kusudi lake. Muuza unga aliyebonyeza kitako cha kopo naye husema amejaza kopo.

Je, ufundi ni kosa? Hapana. Atunzaye mashine yake vema kuliko jirani anastahili kumshinda, maana bidii yake haimdanganyi mtu. Bali hila huishi kwa sababu mpimaji haijui, ikijulikana, hufa.

Tena mdanganyifu hujipunja mwenyewe. Alitaka kujua nani ni hodari. Sasa, hata akipewa tuzo, hatajua kamwe.