Ni Wajibu wa Nani Kumfundisha Mtoto Hatari za Simu?

Wako wazazi katika miji yetu ya pwani ambao, wakisikia kwamba mwalimu wa skuli ya msingi anawafundisha watoto hatari za intaneti, hukasirika. Husema: huyu anawafungua macho watoto wetu, na tena kumlinda mtoto ni kazi ya baba na mama yake, si ya skuli. Maneno haya yamevaa vazi la dini, na kwa hivyo yapasa kujibiwa kwa adabu. Lakini kujibiwa yapasa.

Tuanze na wajibu. Hapana shaka kwamba mzazi ndiye mchungaji wa nyumba yake, na siku ya Kiama ataulizwa. Lakini Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza, basi na tuitazame hali ilivyo, si kama tupendavyo iwe. Twende bara kidogo, hata Kabati, katika Kitui Magharibi, kwenye barabara inayoachana na njia ya Nairobi pale Kibwezi ikapita Mutomo na Kitui. Naitaja Kabati kwa kuwa wako watu wa huko walio majirani zetu hapa Mombasa; wamekuja kutafuta riziki, na watoto wamewaacha kwa bibi zao. Fedha za matumizi hupelekwa kwa M-Pesa. Bibi hakusoma, na macho yamekwisha. Amsomeaye ujumbe ni mjukuu wa miaka tisa, na nambari ya siri ya bibi aijuaye ni yeye. Tapeli akipiga simu akidai kwamba ametuma fedha kwa makosa na arejeshewe, amjibuye ni mtoto huyo. Jioni simu ile ile imo mkononi mwake, wala hapana mtu mzima nyumbani ajuaye alitazamalo. Je, bibi huyu amfundishe nini, ilhali mwanafunzi ndiye mwalimu wa nyumba? Na tusimcheke. Ziko nyumba za Mji wa Kale na za Lamu ambamo baba ana simu ya thamani kubwa, na kazi aijuayo kwayo ni kupeleka picha za harusi.

Maulamaa wametufundisha kwamba fardhi kifaya ikitekelezwa na baadhi ya watu huwaondokea waliobaki; na ikiwa hapana aiwezaye mjini ila mtu mmoja, humgeukia yeye fardhi aini. Sasa, katika mji ambao mwalimu wa skuli ndiye peke yake ajuaye jambo hili, atajitoaje? Isitoshe, serikali ya Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi katika skuli za msingi, kwa watoto wa darasa la kwanza, na idadi yake ikapita milioni moja. Aliyempa mtoto kisu na amwoneshe upande wa makali. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu imeagiza kwamba habari za mtoto zisitumiwe ila kwa idhini ya mzazi au mlezi wake. Ni sheria njema, lakini katika nyumba tuliyoitaja, idhini ya bibi hutolewa kwa kidole cha mjukuu.

Ama hilo la kufungua macho, wazee wetu walilisema kabla yetu. Walisema kwamba binti akifundishwa kuandika atawaandikia wanaume barua. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, aliwahimiza watu wasomeshe mabinti zao, na leo hao hao wenye kulalamika wana mabinti walimu na madaktari. Tena mbona hatuoni aibu tuwafundishapo watoto Safinatun Najaa, nayo ina mlango wa janaba na wa hedhi? Hatuoni, kwa kuwa twajua ya kwamba ni elimu. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa staha haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Na khatari yenyewe siyo ile tuidhaniayo. Sisi twamwogopa mtu wa mbali asiyejulikana. Uchunguzi uliofanywa Kenya na UNICEF, INTERPOL na ECPAT, ukatolewa mwaka 2021, ulionesha kwamba aghlabu wawadhuruo watoto kwa njia hii ni watu ambao watoto wanawajua tangu hapo, na kwamba ni wachache mno wafikao kwa polisi kueleza. Kwa nini hawasemi? Mimi naona jawabu limo majumbani mwetu. Mtoto ajua kwamba akisema, kwanza atapigwa, kisha atanyang'anywa simu, kisha ataambiwa ameitia nyumba aibuni. Basi hunyamaza, na yule mwovu huutumia ukimya huo kumtisha zaidi. Aibu ya namna hii siyo staha aliyotuamuru Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Hii yamlinda mkosaji.

Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ameamrisha watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi nyakati tatu kabla ya kuwaingilia wazee wao. Tazama basi: mtoto hakungojewa akue ndipo afundishwe mipaka ya mlango na ya mwili. Simu nayo ni mlango, tena wa kuingia na wa kutokea. Mzazi atakaye kuitazama simu ya mwanawe mdogo na amwambie wazi kwamba ataitazama, wala asinyemelee usiku, kwani kupelelezana tumekatazwa, na mtoto akigundua atajifunza kuficha.

Walimu wa vyuo wasingoje skuli. Somo hili laweza kutiwa katika mlango wa adabu, nusu saa kila wiki: usitoe nambari ya siri, usipeleke picha ya mwili wako hata kwa umjuaye, ukitishwa mwambie mtu mzima, na iko nambari 116, isiyolipiwa, ya kuwasaidia watoto kote Kenya. Nao wazazi waitwe siku hiyo hiyo, waambiwe mtoto akija kusema wamsikilize mpaka amalize.