Ni Kosa la Nani?



Mwaka jana tulizika mara mbili katika muda wa majuma manane. Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenzetu, ambaye tulisoma naye chuo cha ualimu na kulala naye bweni moja. Wa pili alikuwa mama mmoja wa upande wa Ruangwa, mwimbaji wa kwaya ambaye wengi wenu mlimfahamu. Majina yao hatuyataji, na wenye misiba wameturuhusu kuandika haya. Wote wawili walianza kwa kukonda na kukosa hamu ya chakula. Kisha macho yakawa manjano, ngozi ikawasha, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Nao madaktari waliwatajia ugonjwa mmoja, yaani saratani ya kongosho.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini hukumu za watu matangani zilikuwa mbili. Juu ya mwalimu walisema, "Uraka umemmaliza," maana ujanani, msimu wa mabibo ulipofika, hakuna kibuyu kilichompita. Mama yule hakuonja pombe wala tumbaku maisha yake yote, kwa hiyo wakasema amelogwa, na wakamtaja jirani yake kwa jina. Jirani huyo hajaonekana kanisani tangu siku ile. Nasi twaungama kwamba katika msiba wa kwanza tulitikisa kichwa kukubali, na katika ule wa pili tulinyamaza.

Ndiyo maana tunauliza: je, ni haki kumtafutia mgonjwa kosa? Wanafunzi wa Bwana wetu waliuliza jambo hilo hilo walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Jibu walilopewa liko katika Yohana mlango wa 9, nanyi mwalijua. Lakini mtu wa leo atasema, "Sasa tuna elimu. Madaktari wenyewe wanasema sigara huleta saratani. Kwa hiyo aliyevuta amejitakia." Basi na tuitazame hiyo elimu inasema nini.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Hutengeneza maji ya kuyeyusha chakula, na pia insulini inayotawala sukari mwilini. Kwa kuwa limejificha ndani, saratani yake hukua kimya kimya, na mara nyingi hugunduliwa wakati dawa haisaidii sana. Hata Marekani, penye hospitali za kila namna, katika wagonjwa 100 wa saratani hii wanaofikisha miaka 5 ni kama 13 tu.

Mambo yanayoongeza hatari yake yanajulikana kwa kiasi. La kwanza ni umri, maana wengi huugua wakiwa wamepita miaka 60. Sigara huongeza hatari yapata mara mbili. Unene uliopita kiasi umo, na ugonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na kongosho lililovimba kwa muda mrefu, ambalo mara nyingi huletwa na pombe kali inywewayo kila siku kwa miaka. Tena kuna urithi. Katika wagonjwa 10, yapata mmoja alizaliwa na kasoro katika vinasaba vyake, yaani ile mbegu ya urithi tuliyoipata kwa baba na mama.

Sisi tulifundisha hesabu zaidi ya miaka 30, na hapa ndipo penye kosa la watu wengi. Huko Marekani mtu mmoja katika kama 60 hupata saratani hii maishani mwake. Ukizidisha hatari hiyo mara mbili kwa sababu ya sigara, bado wavutaji walio wengi sana hawaupati ugonjwa huu (ingawa sigara ina njia nyingine nyingi za kuwaua). Kwa hiyo hesabu hutuambia habari za umati. Ukisimama mbele ya kaburi moja, hesabu haiwezi kukuambia kwa nini ni huyu. Anayesema "uraka umemmaliza" anadai kujua jambo ambalo hata daktari bingwa hajui. Na tuseme lingine lililotushangaza. Mwenzetu aliacha uraka alipooa, lakini sigara hakuiacha mpaka alipolazwa. Matangani hakuna aliyeitaja sigara, maana waliokuwa wakimhukumu walikuwa wanavuta.

Sisi watu wa Nachingwea twaijua habari ya karanga, na mashamba makubwa ya Waingereza yaliyoanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Huko Marekani, katika kijiji cha Plains, jimbo la Georgia, palikuwa na jamaa ya wakulima wa karanga. Baba alikufa kwa saratani ya kongosho mwaka 1953. Binti yake mmoja akafa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1983, mtoto wa kiume mwaka 1988, binti mwingine mwaka 1990. Akabaki mmoja, naye ni Jimmy Carter aliyekuwa Rais wa nchi ile. Huyu aliishi miaka 100, akafariki Desemba 2024. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba tofauti yake na wenzake ni kuwa hakuvuta sigara. Labda ndivyo. Labda pia hakurithi walichorithi wale. Ndugu wa tumbo moja, mezani pamoja, na bado hatuwezi kugawanya sawasawa lipi la damu na lipi la tumbaku. (Karanga zenyewe hazina hatia hapa. Zilizoota ukungu ni mbaya, lakini hizo hudhuru ini.)

Hata wataalamu wamewahi kuwahi kuhukumu. Kuna ugonjwa wa kuvimba kongosho ulioonekana kwa maskini vijana wa Kerala huko India, na hata Uganda, na wenye ugonjwa huo wana hatari kubwa ya saratani hii. Kwa muda mrefu mabingwa waliushuku muhogo, chakula cha wasio na kitu. Baadaye ulionekana kwa watu wasiokula muhogo, na wengi wa wagonjwa wakakutwa na kasoro ya urithi. Tulipoyasoma hayo tuliwakumbuka bibi zetu na makopa yao.

Lakini twaogopa msomaji asije akasema, "Basi, kama hakuna wa kulaumiwa, nipe kiberiti." Kujua hatari kuna kazi yake, ila kazi hiyo ni kwa walio hai. Mvutaji akiacha leo, hatari hupungua mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka kati ya 10 na 20 hukaribiana na ya asiyevuta.

Na hapa tuna jambo linalotusumbua wenyewe. Siku chache kabla ya kufa kwake mwenzetu alitueleza kwamba dada yake naye alikufa akiwa na macho ya manjano, na baba yao vile vile. Akatuomba tusiwaambie watoto, wasije wakaishi kwa hofu, na watu wasije wakasema ukoo ule una ugonjwa na mabinti wakakosa kuolewa. Tulikubali. Alipokwisha kuzikwa tulilala macho wazi usiku mwingi. Ahadi kwa mtu anayekufa ni ahadi. Lakini mwanawe wa kwanza ana miaka 34 na anavuta pakiti moja kwa siku. Kama kasoro hiyo ipo kwa mzazi, kila mtoto anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Tukaenda kwa mjane, tukamweleza yote. Alilia, kisha akasema, "Mwalimu, mwandikie."

Tukaandika. Hatukusema baba yake alijiua kwa sigara, maana hatujui. Tulimsihi aiache sigara, na amweleze daktari habari za shangazi yake na babu yake.

Kijana ametujibu kwa heshima. Anasema sisi tulio huku kusini twahesabu ukoo kwa mama, naye ni wa ukoo wa mama yake, ambako ugonjwa huo haupo. Tumemwandikia tena kwamba ukoo hufuata desturi, lakini damu huchota pande zote mbili. Amerudisha jibu fupi. Sigara amepunguza, hajaacha. Anauliza kama baba yake alituruhusu kumwambia. Barua hiyo tunayo mezani hapa, na bado hatujaijibu.

Kwa jirani wa yule mama tulikwenda Jumapili iliyopita baada ya ibada. Alitukaribisha uji, tukanywa.