Kalamu Hurudi Unapofumbua Macho



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyeufanya usiku kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, muhula uliopita nilimhukumu mtu kwa ndoto. Sikumpeleka polisi wala kwa msimamizi wa hosteli. Nilimhukumu moyoni, kisha ulimi wangu ukaichukua hukumu ile ukaitembeza. Naandika haya kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Maswali ninayotaka tuyatafakari pamoja ni haya: kwa nini tunaota, na tunachokiona usingizini kina haki gani juu yetu tukishaamka?

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na niko mwaka wa tatu hapa Mbale. Nimelelewa katika nyumba ambayo ndoto ni habari kama habari nyingine. Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa hakuulizi umeamkaje kabla hajakuuliza umeota nini. Tuliambiwa kwamba ndoto ya usiku wa manane ni ya tumbo lililoshiba, lakini ndoto ya karibu na alfajiri haisemi uongo. Nilikuja chuoni na imani hiyo bila kuihoji.

Ijumaa moja niliweka ndani ya bahasha shilingi 350,000, salio la ada ambalo mjomba alilikusanya kwa miezi minne. Jumapili usiku nikaitafuta bahasha ile, sikuiona. Nilipekua sanduku, vitabu, hata viatu. Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu anayetoka Arua. Nililala saa saba usiku na jina lake liko moyoni, ingawa sikulitamka. Kabla ya adhana ya Alfajiri nikaota: namwona anafungua sanduku langu taratibu, anatoa bahasha, anaisukuma chini ya godoro lake. Niliona mpaka kidole chake chenye kovu.

Nilipoamka sikuwa na shaka hata kidogo. Alipotoka kwenda kutawadha niliinua godoro lake. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu mtu mwenye akili timamu angesema: basi, ndoto imekosea. Mimi nilisema: ameshaihamisha. Ndoto niliiamini kuliko macho yangu.

Nikawaambia wenzetu wawili, kwa siri. Siri ya watu watatu mnaijua. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza hazina wa mchango wetu wa futari za Jumatatu na Alhamisi. Haikupita wiki mbili, watu wakaanza kuchelewesha michango, na mmoja akataka hesabu mbele ya watu. Alisoma hesabu yote, haikupungua hata shilingi mia, kisha akaliacha daftari juu ya mkeka na kusema atafutwe mwingine. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Sikusema neno.

Tuliache hilo kwanza, tuangalie usingizi wenyewe.

Mwaka 1953, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, walieleza kwamba kuna vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza upesi chini ya kope, na kwamba ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakwambia alikuwa anaota. Tangu hapo imefahamika kwamba usingizi si hali moja. Tunashuka katika usingizi mzito, tunapanda, tunaingia katika usingizi wa macho kucheza, kisha tunaanza tena. Kila mzunguko huchukua karibu dakika 90, na kwa usiku mmoja hupita minne hadi sita. Ndoto huweza kuja hata katika sehemu nyingine za usingizi, lakini zile ndefu zenye picha kali huja zaidi katika kipindi hiki.

Mambo mawili hapa yalinigusa. La kwanza, vipindi hivi huwa vifupi mwanzo wa usiku na hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Kwa hiyo ni kawaida kwamba ndoto ndefu tunazozikumbuka ni za karibu na alfajiri. Bibi hakukosea kuona kwamba saa hiyo ina ndoto nyingi zilizo wazi. Tulichokosea sisi ni kudhani kwamba uwazi ni ukweli.

La pili, katika kipindi hicho misuli ya mwili hulegea kabisa, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na hisia huchangamka, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kuuliza "una uhakika?", hupunguza kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kuota anazungumza na marehemu akiwa amepanda ng'ombe asishangae. Mwenye kushangaa ndani yetu amepumzika.

Kuhusu sababu ya kuota, wataalamu wanatofautiana. Wapo wanaosema ubongo unapanga kumbukumbu za mchana. Wapo wanaosema tunafanya mazoezi ya kukabili yale tunayoyaogopa. Mwaka 1977, Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walitoa rai kwamba ubongo uliolala hujitumia ishara zake wenyewe, kisha hutunga kisa ili ishara hizo zipate maana. Lakini hata anayeshika rai hii hakatai kwamba malighafi ya kisa hutoka kwetu: wasiwasi wetu, matamanio yetu, watu tunaowajua.

Sasa, msomaji wa gazeti hili anaweza kusema: hayo ni ya wanasayansi, sisi tuna Qur'ani na Sunna. Ni kweli, tena Qur'ani inalipa suala hili uzito mkubwa. Katika Surat Az-Zumar (39:42) tunafundishwa kwamba Allah huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi wake; kisha huizuia iliyohukumiwa kufa na kuirudisha nyingine mpaka muda wake. Surat Yusuf imejengwa juu ya ndoto: ya Yusuf mwenyewe, za wafungwa wawili, na ya mfalme. Nabii Ibrahim (a.s.) aliamrishwa kwa ndoto. Hata adhana tunayoisikia mara tano kwa siku, maneno yake aliyaota Abdullah bin Zayd (r.a.). Muislamu hawezi kusema kwamba ndoto zote ni upuuzi.

Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kwamba ndoto njema ni sehemu moja katika sehemu arobaini na sita za utume, ndiye huyo huyo aliyetufundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Allah, ndoto ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzia nafsi yake. Angalia hiyo ya tatu. Karne nyingi kabla ya Chicago tulishaambiwa kwamba baadhi ya ndoto ni sauti yako mwenyewe inayorudi kwako usiku.

Tena tazama mambo yalivyokwenda katika ndoto ya adhana. Abdullah bin Zayd hakuamka akapanda juu ya nyumba kuadhini. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akathibitisha kwamba ni ndoto ya kweli na kuamuru Bilal afundishwe maneno yale. Kilichoifanya adhana kuwa sheria ni uthibitisho wa Mtume. Na Ibrahim alikuwa Nabii, na ndoto za Manabii ni wahyi. Sisi si Manabii, na wa kututhibitishia ndoto zetu hayupo tena.

Wanazuoni wetu walilishika jambo hili kwa nguvu. Imam An-Nawawi ameeleza kwamba lau ni usiku wa thelathini wa Shaabani, watu hawakuuona mwezi, na mtu akamwona Mtume (s.a.w.) ndotoni akimwambia kuwa Ramadhani imeingia, haisihi kufunga kwa ndoto hiyo. Haina maana kwamba kumwona Mtume ndotoni si kweli. Maana yake ni kwamba aliyelala hana udhibiti wa kile anachokisikia, na sheria haipokei habari isipokuwa ya mtu aliye macho na mwenye kudhibiti. Ikiwa ndoto hiyo haiwezi kuthibitisha hata siku moja ya kufunga, yangu itathibitishaje wizi?

Kuna kisa ambacho Imam Ash-Shatibi amekitaja katika Al-I'tisam. Khalifa Al-Mahdi alimwona ndotoni Kadhi Sharik bin Abdillah akikanyaga busati lake huku amempa mgongo. Mfasiri akamwambia kwamba kadhi huyo anamwonyesha utiifu na kuficha uasi. Khalifa akamwita, akaagiza upanga. Sharik akamjibu kwamba ndoto ya Khalifa si ndoto ya Ibrahim, wala mfasiri wake si Yusuf. Je, shingo za waumini zitakatwa kwa ndoto za uongo? Khalifa akaona haya, akamwacha.

Tulikisoma kisa hiki darasani nikiwa bado simsemeshi mwenzangu. Wanafunzi walicheka jinsi kadhi alivyojibu. Mimi sikucheka, maana upanga wangu ulikuwa umeshashuka.

Siku tatu baadaye nilikwenda mjini kuchukua kanzu yangu kwa fundi cherehani. Nilimpelekea Ijumaa ile ile jioni, mshono wa ubavuni ulikuwa umefumuka. Fundi akafungua droo, akatoa kanzu imekunjwa na bahasha juu yake. "Kijana, mbona hukuja? Nilijua tu utaikumbuka." Bahasha niliitia mfukoni mwa kanzu nilipokuwa nakwenda kuswali, nia yangu nipitie benki, foleni ikanirudisha. Shilingi 350,000, haikupungua hata noti moja.

Jioni hiyo nilimweleza mwenzangu kila kitu, hata habari ya godoro. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, ndoto hiyo ilianza ulipolala, au ilianza kabla hujalala?"

Sikuwa na jibu, lakini swali lake ndilo jibu la makala hii. Ndoto yangu haikuniambia lolote juu yake. Iliniambia habari zangu mimi: kwamba nililala nikiwa nimeshamtuhumu. Usingizi ulichukua dhana yangu, ukaivisha uso wa mtu na kidole chenye kovu, ukanirudishia asubuhi kama ushahidi. Na Allah alikwishatukataza katika Surat Al-Hujurat (49:12) kuandama dhana nyingi.

Imam Al-Ghazali alikumbusha kwamba usingizini tunaamini mambo na kuyaona yamethibiti, kisha tunaamka na kujua hayakuwa na msingi. Kwa hiyo kule kuwa na yakini peke yake si dalili. Nilikuwa na yakini nilipomwona akifungua sanduku, na wakati huo bahasha ilikuwa kwenye droo ya fundi.

Je, nina dhambi kwa kuota vile? Hapana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Hakuna anayeulizwa kwa alichoota. Lakini tusisahau sehemu ya mwisho: mpaka aamke. Unapofumbua macho, kalamu inarudi. Kuinua godoro la mtu kuliandikwa. Kuwaambia wawili kuliandikwa. Kunyamaza safu ya pili, nadhani kuliandikwa kwa herufi kubwa.

Na njia ya kuokoka tulipewa. Aliyeota jambo asilolipenda ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ajikinge kwa Allah na shari ya shetani, ageuke ubavu, na asimsimulie mtu. Zamani niliona hilo la kutosimulia kama adabu tu. Sasa naona ni ngao ya jirani yako. Laiti ningelishika hilo moja, daftari lisingebaki juu ya mkeka.

Nasema haya pia kwa wale wanaoswali istikhara kisha wakasubiri ndoto iwaamulie mchumba au kozi. Dua ya istikhara inamwomba Allah alirahisishe lenye heri na aliepushe lenye shari. Ndani yake haikutajwa ndoto. Omba, shauriana, pima, kisha fanya ukiwa macho.

Mwenzangu amenisamehe, na niliwaendea wote waliosikia, nikawaeleza ukweli mbele yake. Daftari alikataa kulipokea tena. Alisema hana kinyongo, ila hataki kuhesabu fedha huku watu wanamtazama mikono. Hilo sijaweza kulirekebisha, na sijui kama nitaweza.

Kila usiku, kabla ya kuzima taa, sasa najiuliza nani ninayelala naye moyoni kwa ubaya, nimwondoe kabla usingizi haujamfanyia kazi.

Allah atujaalie ndoto njema, na atukinge tusiwadhulumu watu kwa yale tuliyoyaona tukiwa tumefumba macho. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.