Je, Tuna Haki ya Kuililia Redio Tuliyoiacha?

IJUMAA ya Januari 27, 2023, baada ya swala, nilikaa kwenye ngazi za msikiti na simu sikioni. Nilikuwa nasikiliza dakika za mwisho za Redio ya BBC ya Kiarabu, iliyokuwa ikifungwa siku hiyo baada ya miaka 85 hewani. Ilipokatika nilijikuta nafuta machozi. Kijana mmoja ninayemfundisha akaniuliza, "Ustaadhi, kuna msiba?" Nikamweleza kuwa redio imefungwa. Akanitazama kwa mshangao, kisha akauliza swali lililonisukuma kuandika makala haya: "Kwani Ustaadhi ulikuwa unaisikiliza?"

Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba sikuwa naisikiliza. Ilikuwa imepita miaka kama kumi tangu niiache.

Nilipokuwa kijana wa madrasa hapa Tanga, mwalimu wangu alikuwa na redio ya masafa mafupi iliyofungwa kwa mpira. Betri zikichoka tulizianika juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kila jioni alitukalisha barazani tusikilize habari kwa Kiarabu. Mtangazaji alipofungua kwa maneno "Huna London", yaani "Hapa ni London", sisi watoto tuliangua kicheko, maana kwa Kiswahili ni kama tunaambiwa hatuna London. Maalim alitunyamazisha kwa fimbo, kisha akatuuliza tumeshika maneno mangapi mapya. Kiarabu nilichoingia nacho chuo kikuu, nusu yake nilikipata kwenye baraza ile.

Maalim hakuwa mtu wa kudanganywa na sauti tamu. Alitueleza kuwa Waingereza waliianzisha redio ile Januari 3, 1938 kwa maslahi yao, kushindana na Redio Bari ya Waitalia iliyokuwa ikiwatangazia Waarabu tangu 1934. Lakini alipenda pia kutukumbusha kuwa katika taarifa yake ya kwanza kabisa ilitangaza kuwa Mpalestina amenyongwa na utawala wa hao hao Waingereza kwa kosa la kukutwa na silaha. "Msikilizeni mtu kwa akili," alikuwa akisema, "lakini akisema kweli, mpeni haki yake."

Sasa tuje kwenye hoja. Septemba 29, 2022 BBC ilitangaza kuwa itazifunga redio za lugha 10, Kiarabu ikiwemo, na kupunguza nafasi za kazi 382. Sababu ilikuwa kubana matumizi kwa paundi milioni 28.5, na kwamba wasikilizaji wengi wamehamia kwenye intaneti. Hoja hii si ya kipuuzi. Fedha zina mwisho, na anayegawa kichache hulazimika kuchagua.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: anapochagua, awatazame nani? Wengi wenye njia nyingine, au wachache wasio nayo? Miezi mitatu tu baadaye, Aprili 2023, vita vililipuka Sudan. BBC hiyo hiyo ikalazimika kuanzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa Wasudani kwenye masafa mafupi, nusu saa mara mbili kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu. Novemba mwaka huo ikaanzisha kipindi kingine kwa ajili ya watu wa Gaza, kwenye masafa ya kati. Hakuna aliyejua ghaibu kwamba vita vitakuja. Lakini kila mtu alijua kuwa umeme hukatika, mitandao huzimwa, na kwamba wapo watu ambao kiredio cha betri ndiyo njia yao pekee.

Kila mwaka nawasomesha wanafunzi wangu sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa amewaelekea wakubwa wa Kikureshi kwa nia njema kabisa, akitaraji wasilimu na watu wao. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufunzwa, naye akakunjiwa uso. Mwenyezi Mungu akamzindua Mtume Wake. Hesabu ya wengi ilikuwa na mantiki yake, lakini mhitaji alikuwa ndiye yule mmoja aliyekuja mwenyewe.

Ni rahisi kuishia hapo na kuwalaumu walio London. Mimi siwezi. Ijumaa ile jioni nilikwenda kwa Maalim. Mtoto wa jicho umempunguzia nuru, na simu haijui. Nilimkuta barazani anazungusha kitufe cha redio. Baada ya salamu akaniambia, "Mwanangu, hebu nitazamie, nadhani betri zimekwisha."

Tangazo la kufungwa nilikuwa nimelisoma miezi minne kabla. Nilikuwa nimelijadili na wenzangu kwenye simu, kwa uchungu mwingi. Sikumwambia Maalim. Haikunipitikia akilini kwamba kuna mtu ambaye habari ile inamhusu kweli.

Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akauliza, "Wamechoka wao kusema, au tumechoka sisi kusikiliza?"

Ninaona sasa kuwa kuiacha redio hakukuwa kosa. Mtu hafungwi na chombo, na kikija kilicho bora hukichukua. Kosa langu ni kwamba nilipohama sikugeuka nyuma kumtazama niliyemwacha pale pale barazani. Na hili tunalifanya kila siku. Matangazo ya janaza siku hizi tunayatuma kwenye makundi ya simu. Mwaka jana Maalim alikosa mazishi ya rafiki yake wa ujanani, mitaa miwili kutoka kwake, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani kila mtu ameshapata ujumbe. Tulikuwa wengi, tukajihesabu sisi, tukatosheka.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni kwamba machozi yangu hayakuwa na haki kubwa. Mwenye haki ya kulia alikuwa barazani anazungusha kitufe.

Siku hizi baada ya alasiri huenda kwa Maalim nikamsomea habari za Kiarabu kutoka kwenye simu. Ni nusu saa tu. Nikikosea irabu ananirudi, kama zamani.

Wabillahi tawfiq.