Baiskeli Isiyo na Keria

Hale ni mji mdogo ambao karibu kila kitu kimepewa kazi. Maji ya Mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 21 mwaka 1964. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta katika pwani hii mwaka 1893 kwa miche michache iliyosalimika safarini, unachanwa nyuzi, na hata mabaki yake yalitafutiwa kazi ya kuzalisha gesi na umeme hapahapa Hale. Baiskeli nayo haikusamehewa. Inabeba madumu ya maji, mkaa, ndizi na mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mtu akienda kununua Phoenix hutikisa kwanza keria, kisha ndiyo aulize bei.

Mahali kama hapa, kununua baiskeli ya mbio ni swali la maadili kabla halijawa swali la gia.

Kwa miaka minne nimeendesha ile baiskeli ya kati inayoitwa haibridi, ya mtumba kutoka Japani. Usukani wake umenyooka, tairi zina upana wa kama milimita 38, na nyuma fundi alichomelea keria. Inapita kwenye lami inayotoka Segera kwenda Muheza, na inapita pia kwenye vumbi jekundu la mashamba ya mkonge. Baiskeli ya mbio ni mnyama mwingine. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, tairi zina milimita 25 au 28, fremu ni nyepesi, na mara nyingi haina hata tundu la kufungia keria. Faida yake imo katika mwili wa mwendeshaji anayeinama. Kwenye tambarare, ukishavuka kilomita 20 kwa saa, nguvu zako nyingi zinapambana na upepo, na ukizidisha mwendo mara mbili upepo unakukataa mara nne. Usukani uliopinda unakupunguza mbele ya upepo huo. Ndiyo maana anayeijaribu mara moja hushuka akiwa na macho ya mtu aliyeona kitu.

Basi swali lenyewe ni hili: je, ni haki kutumia akiba kwa kitu ambacho hakiwezi kumsaidia mtu mwingine yeyote? Haibridi yangu inaazimwa. Jirani akisema, "Mdogo wangu, niazime baiskeli nifike sokoni," nampa. Baiskeli ya mbio haiazimiki. Imepimwa kwa urefu wa miguu yangu, haipakii mtu, na masika yakianza haitoki barabara kuu. Fedha zake zingenunua Phoenix kadhaa. Nchi hii iliwahi kutaka watu wake wapime mali kwa swali la nani anafaidika nayo, na mashamba ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967 kwa fikra hiyo. Vijana wa leo tunaweza kuucheka ujamaa, lakini swali lake bado linakaa nasi mezani kila mshahara unapoingia.

Jibu la haraka ambalo wengi wetu hulitoa ni ushindi. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Nani ajuaye, tunasema, pengine atatoka na wa Hale. Hoja hii inapendeza, ila naiogopa. Inaihalalisha raha kwa kuahidi medali, na kwa namna hiyo inairudisha baiskeli kazini kwa mlango wa nyuma. Nasi ambao hatutashinda chochote, wenye miaka 26 na ajira ya kukaa kitini, haitupi ruhusa yoyote.

Hoja ninayoiamini ni nyepesi zaidi. Anayesema kwamba maskini anunue tu kinachobeba mzigo, bila kujua anasema kwamba maskini mwenyewe ni mbebaji. Watoto wa matajiri hawaulizwi kinanda kinabeba kilo ngapi. Mtu kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, akavuta pumzi mpaka Muheza na kurudi bila kuleta chochote, ni njia mojawapo ya kukumbuka kwamba uhai wake haukuumbwa kwa shughuli tu. Hilo nalo ni haki ya binadamu, hata kwenye mji unaofanya kazi mpaka mto wake.

Lakini haki ya raha haimruhusu mtu kuifanya kwa gharama ya wengine, na hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza. Gharama ya kwanza ni hatari. Barabara ile ina mabasi na malori yanayokimbilia Tanga, na nikivunjika mguu, atakayeniuguza ni mama. Kwa hiyo breki nzuri, taa ya nyuma na tairi za milimita 28 au 32, kama fremu inazikubali, ni sehemu ya wajibu wangu kwake. Gharama ya pili ni vipuri. Fundi wetu ana spoku na cheni za Phoenix. Baiskeli yenye gia 11 nyuma ikiharibika itasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Afadhali ya gia 8, ya chuma au alumini, ambayo fundi wa hapa ataizoea.

Gharama ya tatu ndiyo nzito. Njia rahisi ya kupata fedha ni kuiuza haibridi. Nikifanya hivyo, raha yangu italipwa na nyumba nzima. Baiskeli ya mbio haikosi kitu kwa kuwa haina keria. Kosa ni kuing'oa keria iliyokuwa ikitumiwa na wengine. Nikiiacha haibridi nyumbani na kusubiri miezi minane zaidi, anayelipa ni mimi, na basi sina deni na mtu.

Tena nikiangalia vizuri, ile "baiskeli ya wote" haikuwa ya wote. Kwetu waliokuwa wakiipanda ni wanaume. Dada yangu amekuwa akipandishwa kwenye keria, au akiisukuma ikiwa na madumu mawili, lakini tandiko halikuwa lake. Kitu kikiitwa cha jamii, mara nyingi kuna mwenye sauti anayekishika. Ndiyo sababu sharti langu ni kwamba haibridi itakuwa na mwenyewe, kwa jina, naye ni dada. Atakayeitaka kwenda sokoni atamwomba yeye, na mimi nikiwamo siku za mvua.

Kuna atakayesema nimejitafutia njia ya kutulizia dhamiri. Huenda. Ila dhamiri inayotulia baada ya mtu mwingine kupata baiskeli haijadanganywa sana.